Familia ya Kizungu Ina Umri Gani?

Tarehe 30 Aprili 1958 Ubelgiji iliondoa kwa sheria mamlaka ya mume juu ya matendo ya kisheria ya mkewe. Kabla ya siku hiyo Wabelgiji walikuwa wakiishi chini ya Kanuni ya Napoleon ya mwaka 1804, ambayo waliipokea wakiwa sehemu ya Ufaransa na wakaendelea nayo hata baada ya kupata uhuru wao mwaka 1830. Kanuni hiyo ilimtaka mume amlinde mke na mke amtii mume, na ilimweka mwanamke aliyeolewa kwenye orodha moja na watoto wadogo, yaani watu wasioweza kufunga mkataba kwa hiari yao. Miaka 29 baada ya Wabelgiji kuachana nayo, tarehe 1 Agosti 1987, Zaire ilitangaza Sheria yake ya Familia. Kifungu cha 444 kilimtaja mume kuwa kiongozi wa nyumba, na kifungu cha 448 kilimwagiza mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria ambalo kwalo anajifunga kutimiza jambo yeye mwenyewe. Sheria hiyo ilitungwa katika enzi ya uhalisi wa Mobutu, kwa nia ya kuoanisha maandishi ya serikali na mila za wananchi. Mwanamke wa Bukavu aliyeombwa karatasi ya mumewe ili afungue akaunti ya benki aliambiwa kwamba hiyo ndiyo desturi yetu. Kifungu cha 448 kilirekebishwa Julai 2016. Kile cha 444 kingalipo.

Kisa hiki kinaonyesha jambo ambalo ni vigumu kuliona mtu akitazama historia ya Kongo peke yake. Mjini Bukavu mazungumzo kuhusu familia huenda kwa njia mbili. Wengine husema kuna familia ya Kizungu, yenye baba, mama na watoto wao ndani ya nyumba moja, na kwamba ndiyo inayotumaliza au ndiyo inayotuendeleza, kutegemea msemaji. Wengine husema kuna mila ya mababu, nayo ni kinyume cha ile ya kwanza. Pande zote mbili hukubaliana kwamba Ulaya imekuwa na familia ya namna moja tangu zamani. Hoja ya makala haya ni kwamba wazo hilo si kweli, na kwamba wanahistoria wa Ulaya wenyewe wamelivunja kwa ushahidi katika miaka zaidi ya sitini iliyopita. Familia iliyoletwa Costermansville, kama Bukavu ilivyoitwa hadi miaka ya 1950, ilikuwa mpango wa tabaka moja la watu, katika karne moja, wakijitahidi kuwafundisha pia maskini wao wa nyumbani. Msomaji wa Bukavu anayetaka kuielewa Sheria ya Familia, mahubiri ya ndoa na ugomvi wa mahari ana sababu nzuri ya kusoma vitabu vilivyoandikwa juu ya vijiji vya Ufaransa na viwanda vya Uingereza.

Kitabu kilichofungua njia ni kile cha Philippe Ariès juu ya mtoto na maisha ya familia katika Ufaransa ya kifalme, kilichotoka mwaka 1960. Ariès alichunguza michoro, mavazi, michezo na shule, akadai kwamba Ulaya ya zama za kati haikuwa na hisia ya utoto kama kipindi cha pekee cha maisha. Mtoto alipoweza kujitegemea kidogo aliingia moja kwa moja katika ulimwengu wa watu wazima, mara nyingi kwa kupelekwa kwenye nyumba ya watu wengine kujifunza kazi. Familia iliyojifungia ndani, inayomzunguka mtoto na masomo yake, kwa mujibu wa Ariès ilikua polepole kuanzia karne ya 16, nayo ilianza kwa wenye mali. Hoja hii imepingwa vikali. Mwaka 1983 Linda Pollock alichapisha utafiti uliotumia mamia ya shajara na kumbukumbu za Waingereza na Wamarekani, akaonyesha kwamba wazazi wa karne ya 16 na ya 17 waliwapenda watoto wao na kuwalilia walipokufa. Tukizisoma kazi hizo mbili pamoja tunapata jambo lenye uzito zaidi ya kila moja peke yake: upendo wa mzazi ulikuwapo muda wote, ila mpangilio wa nyumba, umri wa kwenda shule na mahali anapolelewa mtoto vilibadilika sana. Basi hakuna haja ya kuuliza nani anapenda watoto zaidi, Mzungu au Mshi, yaani mwenyeji wa Bushi inayoizunguka Bukavu. Swali lenye faida ni lini na kwa nini watoto walipangiwa maisha ya namna fulani.

Ushahidi juu ya malezi unashangaza. Mwaka 1780 Lenoir, mkuu wa polisi wa Paris, aliandika kwamba kati ya watoto 21,000 waliozaliwa mjini humo kila mwaka, wapatao 1,000 walinyonyeshwa na mama zao, wengine 1,000 walinyonyeshwa nyumbani na mwanamke wa kulipwa, na waliobaki wote walipelekwa kwa wanyonyeshaji nje ya nyumba ya wazazi, wengi wao vijijini. Élisabeth Badinter aliianza kazi yake ya mwaka 1980 juu ya historia ya mapenzi ya mama kwa takwimu hizo. Watoto hao hawakuwa wa matajiri peke yao. Wake wa mafundi na wachuuzi walilazimika kurudi dukani na kwenye karakana. Zaidi ya karne moja baadaye, katika Kongo ya Ubelgiji, mabibi wa Kibelgiji waliwafundisha wanawake Waafrika jinsi ya kunyonyesha, kwa saa zilizopangwa na kwa muda mfupi zaidi, wakiamini kwamba wanawapa hekima ya kale ya Ulaya. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameeleza kampeni hiyo kwa kina. Hekima hiyo ilikuwa changa kuliko bibi za wale walioifundisha.

Pingamizi la kwanza, na ndilo lenye nguvu kuliko yote, linatoka Cambridge. Peter Laslett na wenzake, ambao mwaka 1964 waliunda kikundi cha kuchunguza historia ya idadi ya watu, walihesabu orodha za wakazi wa parokia mia moja za Uingereza kati ya mwaka 1574 na 1821. Walikuta kwamba nyumba ya wastani ilikuwa na watu 4.75, na nyumba zenye vizazi vitatu zilikuwa chache. Kama ni hivyo, familia ndogo ya baba, mama na watoto ni ya kale kweli katika Ulaya ya kaskazini-magharibi, na hoja ya makala haya inaonekana kudhoofika. Lakini hesabu hiyo inahitaji kusomwa mpaka mwisho. Ndani ya watu hao wanne au watano mara nyingi alikuwamo mtumishi kijana, mtoto wa watu wengine, na watoto wa wenye nyumba wenyewe walikuwa wakitumika kwingine. John Hajnal, katika makala yake maarufu ya mwaka 1965, alionyesha kwamba magharibi ya mstari kutoka Saint Petersburg hadi Trieste wanawake waliolewa wakiwa na miaka kama 25, na sehemu kubwa yao, pengine mmoja kati ya kumi au zaidi, hawakuolewa kamwe. Ujana ulikuwa ni miaka kumi ya kutumikia nyumba za wengine ili kukusanya mali ya kuanzia maisha. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini haikuwa kiota kilichofungwa, na wala haikuwa na baba anayekwenda kazini na mama anayebaki nyumbani. Zaidi ya hayo, huko Ufaransa ya kusini, Italia ya kati na Ulaya ya mashariki mambo yalikuwa tofauti kabisa. Kusini mwa Ufaransa mwana mmoja alibaki na wazazi na kurithi nyumba, hali ambayo Frédéric Le Play aliisifu katika karne ya 19 kwa hofu kwamba ilikuwa ikipotea. Laslett anatusaidia kuliona hili: hata ndani ya Ulaya hapakuwa na familia ya Ulaya.

Kuhusu kazi, kitabu cha kusoma ni kile cha Louise Tilly na Joan Scott juu ya wanawake, kazi na familia, kilichotoka mwaka 1978. Wanaonyesha kwamba kabla ya viwanda, Uingereza na Ufaransa, chakula cha nyumba kilitoka kwenye mikono yote: mume, mke na watoto wakubwa. Viwanda vilipokuja, nyumba ilitegemea mishahara kadhaa midogo, na binti wa miaka kumi na miwili alikuwa mlishaji kama baba yake. Ubelgiji ilikuwa mfano mkali wa hali hiyo. Migodi ya Liège na Charleroi ilishusha watoto na wasichana chini ya ardhi kwa vizazi, na ni baada ya maasi ya wafanyakazi ya mwaka 1886 ndipo sheria ya mwaka 1889 ilipopiga marufuku kuwaajiri watoto walio chini ya miaka 12. Elimu ya lazima ilipitishwa Ubelgiji mwaka 1914 tu. Mapadri Weupe walikuwa wameanzisha misheni ya Nyangezi, kusini mwa Bukavu, tangu mwaka 1906. Kwa maneno mengine, mapadri waliwahubiria Bashi wawapeleke watoto shuleni miaka minane kabla ya dola la Ubelgiji kuwalazimisha Wabelgiji wafanye hivyo. Ukweli huo hauwashushi mapadri hadhi, bali unaonyesha tu kwamba walichokileta hakikuwa desturi iliyokwisha kukomaa kwao.

Mtindo wa baba mlishaji na mama wa nyumbani ulitoka wapi, basi? Leonore Davidoff na Catherine Hall, katika kitabu chao cha mwaka 1987 juu ya tabaka la kati la Uingereza kati ya 1780 na 1850, wamefuatilia familia za wenye maduka, wakulima wakubwa, wahubiri na wenye viwanda vidogo wa Birmingham na wa mikoa ya mashariki. Wanaonyesha jinsi nyumba ilivyotengwa na karakana, jinsi mke aliyekuwa akishika hesabu za biashara alivyoondolewa dukani, na jinsi utengano huo ulivyopambwa kwa maneno ya dini hadi ukaonekana kuwa amri ya Mungu. Kwa tabaka hilo mke asiyefanya kazi ya kipato alikuwa alama ya heshima. Maskini hawakuweza kumudu heshima hiyo hadi mishahara ya wanaume ilipopanda mwishoni mwa karne ya 19 na katika karne ya 20, na hata hapo wengi hawakuifikia. Serikali, Kanisa na vyama vya hisani viliichukua picha hiyo na kuifanya kipimo cha maadili kwa wote. Nyuma ya picha hiyo ilisimama Kanuni ya Napoleon. Nchini Ufaransa, ilikozaliwa, mwanamke aliyeolewa alisubiri hadi mwaka 1965 kufungua akaunti au kuajiriwa bila mume kuwa na uwezo wa kumzuia.

Ndoa yenyewe ina historia kama hiyo. Hadi katikati ya karne ya 16, Kanisa Katoliki lilihesabu kuwa halali ndoa ambayo mwanamume na mwanamke waliahidiana peke yao, bila padri wala shahidi. Mtaguso wa Trento, kwa amri ya mwaka 1563, ndio uliotaka padri na mashahidi wawepo, na pia ulitaka parokia ziandike ndoa katika daftari. Kabla ya hapo, kama Jean-Louis Flandrin na wengine walivyoonyesha, ndoa katika sehemu nyingi za Ulaya ilikuwa safari ya hatua: mazungumzo ya familia mbili, zawadi, ahadi, kukaa pamoja, kisha baraka. Mali nayo ilikuwamo tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba Ulaya ya kusini na matajiri wa kaskazini walimtaka baba wa bibi harusi alipe. Mwaka 1425 jiji la Florence lilianzisha mfuko wa serikali ambamo baba aliweka fedha binti yake akiwa mdogo ili zikue hadi siku ya kuolewa, kwa kuwa bila mali binti wa ukoo wenye jina hakuolewa. Matajiri wa Ubelgiji na Ufaransa waliendelea na desturi hiyo hadi karne ya 20. Wakati huohuo waandishi wa kikoloni waliwatazama ng'ombe na mbuzi wa mahari wa Bushi wakaona biashara ya kununua mke. Jack Goody, aliyefanya utafiti kaskazini mwa Ghana kabla ya kuigeukia Ulaya, aliyaweka mambo haya mawili meza moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1983 alidai pia kwamba Kanisa la kale lilikataza kuasili watoto, kuoa ndugu na kumrithi mjane kwa sababu, pamoja na mafundisho, mali isiyo na mrithi iliishia mikononi mwa Kanisa. Wanahistoria wengi wamesema aliipa faida ya Kanisa uzito kupita kiasi, na nadhani wanasema kweli. Bado alionyesha kwa uhakika kwamba makatazo hayo yaliwekwa na watu kwa wakati fulani, na kwamba Wazungu wa kale walikuwa na desturi zilezile walizokuja kuzikataza mashariki ya Kongo.

Tukiwa na vitabu hivyo mkononi, tuitazame Bukavu. Mji ulikua kwa haraka baada ya mwaka 1928, Kamati ya Taifa ya Kivu ilipoundwa na kuanza kugawa ardhi kwa walowezi wa kahawa, chai na kwinini. Wazungu walijenga kwenye rasi za ziwa, Muhumba na La Botte. Waafrika walipangiwa Kadutu, kwenye mlima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mtazamo wa serikali ulibadilika. Wafanyakazi walitakiwa wakae mjini pamoja na wake zao, na familia iliyotulia ilitakiwa kuzaa watumishi watiifu na wenye afya. Ofisi ya makazi ya Waafrika iliyoundwa mwaka 1952 ilijenga Bagira kwa nyumba zilizopangwa kwa mume mmoja, mke mmoja na watoto wao. Ndugu wa vijijini, wa Walungu au wa Kabare, aliyekuja kusoma au kutafuta kazi hakuwa na chumba katika ramani. Amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilizinyima uhalali ndoa mpya za wake wengi, na kwa muda mrefu kabla yake mume wa wake wengi alitozwa kodi ya ziada. Aliyetaka kadi ya sifa ya uraia, iliyoanzishwa mwaka 1948, au usajili wa mwaka 1952 uliowakaribisha Waafrika wasomi walioitwa evolue kwenye haki za Wazungu, alitakiwa kuwa na mke mmoja, na wachunguzi waliingia nyumbani kwake kutazama jinsi anavyoishi na kula na familia yake. Katika fuaye sosiale za miji ya Kongo na Ruanda-Urundi wake walifundishwa kushona, kupiga pasi, kupika na kuosha watoto. Hunt ameichunguza fuaye ya Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, chini ya bonde la Ruzizi, kuanzia mwaka 1946 hadi 1960, na kazi yake inafaa kusomwa mara baada ya ile ya Davidoff na Hall. Msomaji ataona mafunzo yaleyale ya Birmingham ya mwaka 1830, yakitolewa kwa wanawake ambao mama zao walilima, walifuga na kuuza.

Siasa hiyo iliwaacha nje watu wengi. Mwanamke aliyeishi mjini bila mume, awe mjane, mtalaka au mfanyabiashara, alitazamwa kama malaya na kutozwa kodi ya pekee. Usumbura, katika miaka ya 1950, wanawake Waswahili Waislamu waliikataa kodi hiyo hadharani kwa sababu iliwavunjia heshima. Walowezi wenyewe, kwa upande mwingine, hawakuishi kama walivyofundisha. Nyumba ya Mzungu wa Muhumba ilisimama juu ya mikono ya maboyi, wapishi na walezi wa Kiafrika ambao familia zao zilikuwa mbali, mlimani. Wanaume wengi wa Ulaya waliishi na wanawake walioitwa menajera, na watoto waliozaliwa katika nyumba hizo hawakuingia kwenye picha ya familia ya Kikristo. Serikali iliwachukua wengi wao kutoka kwa mama zao na kuwapeleka kwenye taasisi za misheni, kama ile ya Save nchini Rwanda na ya Katende huko Kasai. Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni kwa niaba ya Ubelgiji. Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwachukua wanawake watano wa kundi hilo walipokuwa watoto kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Dola lililohubiri utakatifu wa kifungo cha mama na mtoto lilikivunja kwa karatasi za ofisi.

Pingamizi la pili hutoka kwa watetezi wa mila. Watasema mamlaka ya mume hayakuletwa na Napoleon, kwa kuwa Bushi ni jamii ya ukoo wa baba na mwanamume alikuwa kichwa tangu zamani. Ni kweli kwamba ukoo ulifuata baba na kwamba mwanamke wa kawaida hakuwa sawa na mumewe. Lakini tuangalie aina ya mamlaka. Mamlaka ya zamani yaligawanywa kati ya wazee, wajomba, mashangazi na familia ya mke, ambao wote walikuwa na sauti wakati wa ugomvi, na ng'ombe wa mahari waliwafunga watu wa pande zote mbili. Mwamikazi, mama wa mwami (mfalme), alishika madaraka ya kweli, na Elinor Sosne ameeleza jinsi waandishi wa kiume walivyowasahau wanawake hao. Sheria ya kizungu ilichukua mamlaka hayo yaliyotawanyika na kuyaweka yote katika mkono wa mtu mmoja, mume, mbele ya hakimu, benki na mthibitishaji wa hati. Mila ya Bushi haikuwa na mthibitishaji wa hati, hivyo haikuweza kumnyima mke saini. Waliotunga kifungu cha 448 waliichukua Kanuni ya 1804, wakaivisha kitenge cha uhalisi, nayo ikapita kama mila kwa miaka 29.

Pingamizi la tatu ni la upande wa pili, na linastahili heshima. Mtu anaweza kusema hoja hii inawapa silaha wanaotaka kurudisha wake wengi, kumrithi mjane na kuoza binti wa miaka kumi na mitano, kwa kisingizio kwamba ndoa ya mke mmoja ni mpango wa Wabelgiji. Wanawake wengi wa Bukavu wamepata ulinzi wa kweli katika ndoa ya Kanisa na katika sheria. Sheria ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto, kwa mfano, ilizuia ndoa kabla ya miaka 18. Sioni kwamba historia inaondoa thamani ya ulinzi huo. Kujua kwamba jambo lilianza mwaka fulani, kwa sababu fulani, hakuonyeshi kama ni jema au baya. Kunaondoa tu hoja moja, ile inayosema kwamba haliwezi kubadilishwa kwa sababu ni la asili. Hoja hiyo ikishaondoka, ndoa ya mke mmoja itabidi itetewe kwa faida yake kwa mke, mume na watoto, na mahari itabidi itetewe kwa namna inavyounganisha familia leo, wakati ng'ombe wamegeuka dola na orodha inazidi kurefuka. Mtetezi wa haki za wanawake hapotezi kitu katika mjadala wa namna hiyo. Anayepoteza ni yule aliyezoea kunyamazisha watu kwa neno mila au kwa neno ustaarabu.

Lipo pia jambo ambalo msomaji mwenyewe anapaswa kujihadhari nalo. Anaposoma Tilly na Scott, ataiona Bukavu ya leo. Tangu mishahara ya serikali ilipokosa thamani katika miaka ya 1990, nyumba nyingi za Kadutu na Bagira zinaishi kwa biashara ya mama sokoni, kwa mizigo anayobeba mgongoni na kwa vibarua vya watoto wakubwa, huku karatasi bado zikimwita baba mlishaji. Ni rahisi kuhitimisha kwamba tuko mahali Ulaya ilipokuwa mwaka 1750 na kwamba tutafika ilipo. William Goode aliandika mwaka 1963 kwamba viwanda na miji vingezielekeza familia za ulimwengu wote kwenye umbo moja la mume, mke na watoto. Haikuwa hivyo. Miji yetu ilikua bila viwanda, shangazi na wajomba hawakutoweka, na huko Ulaya kwenyewe ndoa zimepungua na watoto wengi huzaliwa nje yake. Historia ya Ulaya haitupi ramani ya njia tutakayopita. Inatufundisha maswali ya kuuliza: nani alilisha nyumba hii, nani alilala ndani yake, mali ilipita mikononi mwa nani, na nani alifaidika mambo yalipoitwa ya asili.

Kwa anayetaka kuanza, mpangilio mzuri ni huu. Aanze na mabuku mawili ya historia ya familia yaliyosimamiwa mwaka 1986 na André Burguière, Christiane Klapisch-Zuber, Martine Segalen na Françoise Zonabend, kwa kuwa yameandikwa kwa Kifaransa na yanaweka Ulaya kando ya Afrika, Asia na ulimwengu wa Kiarabu. Kisha amsome Ariès, na baada yake Pollock, ili ajifunze kutomwamini mwandishi mmoja. Laslett na Hajnal watampa nidhamu ya hesabu. Tilly na Scott watamtoa sebuleni kwa matajiri. Goody atamrudisha Afrika, na Hunt atamfikisha mlangoni pa nyumba yetu.

Baada ya Hunt rafu inakaribia kuwa tupu, na hapo ndipo kazi ya Bukavu inapoanza. Laslett na wenzake nchini Uingereza na Louis Henry nchini Ufaransa hawakuwa na siri yoyote. Walichukua madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko, pamoja na orodha za wakazi, wakaunganisha majina, wakajua watu walioana wakiwa na umri gani, walizaa mara ngapi na walikaa na nani. Katika nchi za Kikatoliki Mtaguso wa Trento uliagiza madaftari ya ubatizo na ya ndoa, na Mapadri Weupe walikuja Nyangezi na Katana na agizo lilelile. Parokia za jimbo kuu la Bukavu zimekuwa zikiandika majina, wazazi na wasimamizi wa ubatizo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kando ya madaftari hayo kuna mashauri ya mahakama za mila kuhusu mahari, talaka na wajane. Maandishi hayo yana mipaka yake, kwa sababu yaliandikwa na mapadri na makarani, na wasiobatizwa hawamo, lakini Laslett naye alikuwa na mipaka ya namna hiyo. Mwanafunzi wa historia wa chuo cha ualimu cha ISP au wa vyuo vikuu vya Bukavu anayeyafungua kwa maswali aliyoyapata kwa wanahistoria wa Ulaya anaweza kutuambia kwa hesabu jinsi nyumba za Bushi zilivyoundwa kabla na baada ya Bagira kujengwa. Siku majibu hayo yatakapochapishwa, mbunge atakayesimama kutetea au kupinga kifungu cha 444 atalazimika kutaja mwaka na parokia, na neno mila peke yake halitamtosha.